Kifuko chenye Ncha za Manjano

Machi 4

Bi Nyuzi,

Mvua imeanza leo, wakati watu wanarudi kutoka sokoni. Ilishuka kwa kishindo juu ya bati, nami nikainuka mbio kwenda kufunga dirisha la chumba cha mashine, kama ulivyokuwa ukinituma: "Wewe, nyuzi zangu zinalowa!" Nilipofika ndipo nikakumbuka kwamba hakuna nyuzi za kulowa. Mashine yako ya kufumia nimeifunika shuka. Nikasimama kidogo, nikafunga dirisha hivyo hivyo.

Sijazoea kuandika. Mikono yangu ni ya brashi na ngazi. Lakini wewe ndiye niliyekuwa nikimsimulia siku yangu kila nikirudi kazini, na tangu uondoke kifua kinajaa bila pa kumwagia. Basi nitakuandikia mpaka mvua hizi zikome, kisha tutaona.

Udongo umelowa, na jambo la kwanza nililofikiria ni baridi yako. Wewe uliyevaa soksi mchana wa jua kali! Ulipougua ulisema baridi imekuingia mifupani na haitaki kutoka. Ukakaa kitandani ukifuma ile shali kwa mabaki ya sufu ya sweta za watu: kijivu, buluu, maruni. Ukingoni ukazungusha ile manjano ya kiini cha yai. Shule iliyokuwa ikivaa rangi hiyo ilifungwa, ukabaki na furushi ambalo hakuna mteja aliyelitaka mtaani wala mjini. "Basi nitaivaa mimi," ulisema. "Na nikifa mnifunike nayo. Usiniache niende na baridi, baba." Nikaapa.

Nilimkabidhi mdogo wako shali hiyo kwa mikono yangu, asubuhi ile wanawake walipoingia kukuosha. Mimi sikuona kitu ila sanda. Alipotoka alinishika bega, akaniambia, "Nimemfunika, shemeji. Ameenda nayo, iko ndani."

Ndiyo maana mvua inapiga nami naweza kulala. Unayo shali yako.

Machi 6

Mvua. Kuta hazikauki, na ukuta usipokauka, fundi rangi ni mtu wa kukaa kizingitini.

Machi 11

Leo nimewaona wapangaji wako, wale wadudu wa vifuko. Wawili, juu ya kitanda, karibu na dari. Unyevu umewatoa.

Nimepanda kiti kuwatazama kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kifuko bapa kama mbegu ya boga, kidogo kama kucha ya kidole cha mwisho, kimetanuka katikati na kusinyaa kwenye ncha. Kila ncha ina mlango mwembamba. Kichwa cha kahawia kikachungulia, vijiguu vikashika ukuta, mdudu akajivuta na nyumba yake ikamfuata. Nikamwekea kidole mbele. Hakuhangaika, akageuka ndani kwa ndani, akatokea mlango wa pili, akaenda zake.

Nimekumbuka siku ulipomtia mmoja ndani ya kiberiti ukamwonyesha yule afisa kilimo aliyekuja kupimwa sweta. Akasema, "Huyu ni mtoto wa nondo, mama." Na Kipara, aliyekuwa amekuja kunifuata tukachanganye rangi, akadakia: "Nondo? Hizi za kusukia nguzo za zege?" Tulicheka mpaka ukapoteza vipimo vyake. Alituambia mdudu huyu yuko katika nchi zote zenye joto na unyevu, na hata ng'ambo ya bahari wanamlalamikia. Mahali pakavu hanyauki tu, hufa. Hilo mimi nalijua kwa kukwangua kuta. Nyumba za bondeni karibu na mto huwa nawakwangua kwa viganja. Nyumba za mlimani, zenye upepo, unaweza kumaliza chumba kizima usimwone hata mmoja.

Chakula chake ni utando mkuukuu wa buibui, nywele zilizodondoka, wadudu waliokufa. Akipata sufu, hiyo ndiyo karamu. Ndiyo maana ulimwita adui yako. Ukimkuta rafuni ulikuwa ukisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," ukamfagia.

Lakini kabla ya kumfagia ulimsoma kwanza, kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake. Ulinifundisha kwamba nyumba yake huijenga kwa kilicho karibu naye, vumbi, mchanga wa ukuta, uzi, na kila akikua huongeza kwenye ncha zote mbili. Kwa hiyo katikati ni pa zamani na ncha ni mpya. "Tazama," ulisema, "huyu alianzia kwenye buluu, sasa yuko kwenye maruni. Anatembelea rafu yangu kama mkaguzi."

Hawa wawili wa leo wana chembe za kijani. Ni rangi yangu ya ukutani. Sikuwafagia.

Machi 13

Jirani wetu ameleta chai tena. Watu wote sasa wanamwita Mama Birika, na mwenyewe anaitika.

"Umelala, baba?"

"Nimelala. Mvua ilipoanza nilishtuka, halafu nikakumbuka kwamba ana shali yake."

Akaitazama birika. "Ndiyo, baba. Ana joto."

"Wewe ulikuwepo. Ilimfika miguuni?"

"Kunywa chai," akasema. "Ikipoa utanisingizia mimi."

Mwanamke mwema huyu. Zamani nilikuwa nikikwambia ana domo, unisamehe.

Machi 20

Mdogo wako amekuja na kuni kavu, amezifunika kwa nailoni, yeye mwenyewe kalowa chapachapa. Mzaliwa wake wa kwanza anakuja Mei na mkewe, naye anataka nyumba ipakwe rangi: sebule, ukumbi na chumba chake cha kulala. "Sitaki fundi mwingine, shemeji. Nyumba yangu mikono yako inaijua." Akakaa, akakunja shuka zangu zilizokuwa kwenye kiti, akanisema kwa kuziacha hapo. Anakunja kama wewe, pembe kwa pembe, halafu anapiga kofi juu. Nilitazama kando.

Nilimwambia tena kuhusu shali, jinsi inavyonipa usingizi. Akasema, "Acha kuyafikiria hayo, shemeji, utaumwa." Nikaona ni huruma.

Machi 27

Mvua. Kipara amekuja tukacheza bao hadi akashindwa, akasema ni kwa sababu ya unyevu.

Aprili 2

Tumeanza kazi kwa shemeji. Nyumba ile iko bondeni, ukuta wa nyuma unavuta maji kama sifongo. Nilimwambia asubiri kiangazi, hakutaka.

Kipara kanishangaza. Miaka yote hii tunayofanya kazi pamoja hajawahi kunyang'anyana nami ugumu. Leo kasema, "Sebule yako, ukumbi wetu sote, chumba cha kulala niachie mimi."

"Kwa nini?"

"Kuna lile kabati. Kabati lile lilizaliwa kabla ya serikali. Mgongo wako hauliwezi."

"Na wako je?"

"Wangu umeshakufa, hausikii kitu."

Aprili 5

Sebule, mkono wa kwanza wa rangi. Shemeji ametupikia. Nimecheka leo, Bi Nyuzi, mara ya kwanza.

Aprili 9

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Kipara hakuja. Jino limemvimbisha shavu, kaja mkewe kuniambia. Sebule ilikuwa bado mbichi, ukumbi unangoja msasa, nikaona nisikae bure. Nikaingia chumba cha kulala na kikwanguo. Shemeji alikuwa uani anafua wakati mvua imepumzika. Lile kabati nikalisukuma kidogo kidogo kwa bega, upande huu, upande ule, mpaka likaachana na ukuta.

Nyuma yake kulikuwa na wapangaji wengi, kama mtu aliyemwaga mbegu. Nikainua kikwanguo. Sikukishusha.

Katikati ya kila kifuko palikuwa pa kijivu, vumbi la nyumba yoyote. Ncha zilikuwa za manjano. Si manjano ya mchanga wala ya kutu. Manjano ya kiini cha yai. Kila kifuko, upande huu manjano, upande ule manjano, kama kimechovywa. Nimechanganya rangi maisha yangu yote. Mtu anaweza kunidanganya kwa maneno, kwa rangi hawezi.

Nikachukua kimoja kwenye kiganja. Kichwa kikachungulia mlango mmoja, kikarudi, kikachungulia mlango wa pili. Nami nikasikia sauti yako kabisa: katikati ni pa zamani, ncha ni mpya. Maana yake sufu hiyo haikupita hapa zamani. Ipo sasa. Ipo karibu.

Kabati lilikuwa mbele yangu, na juu yake mkoba wa nguo umesukumwa hadi ukingo wa nyuma. Sikuugusa. Si tabia yangu kufungua mkoba wa mwanamke, na labda niliogopa. Nikatoka uani, kiganja kikiwa wazi.

"Shemeji, hii sufu ya manjano imetoka wapi?"

Alikuwa anakamua shati. Akaendelea kulikamua ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

"Sufu gani? Hao ni wadudu."

"Wadudu hawafumi rangi kutoka hewani."

"Mji huu una sufu ngapi za manjano, shemeji? Labda sweta ya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Ah, shemeji! Umefika kunipakia rangi au kunihoji?"

Akacheka. Ni ule mcheko ninaoujua tangu akiwa msichana mdogo anakuja kula kwetu, mcheko wa mtu aliyevunja sahani. Nikaosha brashi zangu, nikaziweka kwenye ndoo, nikaja nyumbani. Njiani mvua imenikuta na sikukimbia.

Aprili 10

Sikwenda kazini.

Aprili 11

Mama Birika alileta chai kama kawaida. Nilimngoja mlangoni.

"Mama, siku ile mlipomwosha, shali ilikuwa wapi?"

"Baba, chai itapoa."

"Ipoe."

Akaiweka birika chini, kwenye sementi, akajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. Akaniambia akiitazama miguu yangu. Walikuwa watatu: yeye, mke wa Kipara na mdogo wako. Ulipokuwa tayari, mdogo wako aliikunjua shali, akaitazama sana, akasema, "Kitu kama hiki hakiendi kuozea udongoni." Akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake. Mke wa Kipara akasema, "Lakini mwenyewe aliitaka." Akajibiwa, "Mwenyewe ni dada yangu, si dada yako." Wakaendelea kufunga sanda.

"Yeye ni damu yake, baba. Sisi ni nani?"

"Nami nimekwambia mara ngapi kwamba ana shali yake?"

"Kila siku."

"Ukanijibu nini?"

Hapo akalia. "Nilisema ndiyo, ana joto. Ningekwambiaje? Ulikuwa umeanza kulala. Nikasema heri alale."

Sikumfokea. Nilichukua birika nikamrudishia ikiwa imejaa.

Jioni nimekwenda kwa Kipara. Alikuwa amejifunga kitambaa shavuni, anafanana na bibi harusi. Siku nyingine ningesema.

"Ulijua."

"Nilijua," akasema. "Mke wangu aliniambia siku ile ile."

"Chumba cha kulala niachie mimi," nikamkumbusha.

"Ndiyo sababu."

"Kumbe kabati halikuwa zito."

"Lilikuwa zito pia," akasema, na akashika shavu lake. "Mzee, ungefanya nini ungejua? Ungefukua? Nilitaka uishi tu."

Bi Nyuzi, nimekuwa kama mtu mwenye suruali iliyochanika nyuma. Mtaa mzima umeliona tundu, na mtaa mzima umekuwa ukinisalimia kwa heshima. Ningeibiwa na mgeni, ningeumia mara moja. Lakini hawa kila siku wamenipa chai, kuni na bao juu ya uongo huo huo, na sasa sijui nini katika yale kilikuwa wema. Hata mcheko wangu wa tarehe tano sijui ni wangu au walinipa.

Na wewe umelala bila kitu mwezi wote wa mvua. Hilo ndilo linaloniamsha.

Aprili 14

Ameileta mwenyewe, kwenye ule mkoba. Hakupiga hodi, alisimama barazani mpaka nikamwona.

"Nimekuletea," akasema.

"Weka hapo."

Akaiweka kwenye kiti, ikajifungua yenyewe. Imeliwa, Bi Nyuzi. Katikati kuna matundu ambayo ngumi inapita. Ukingo umetafunwa vipande vipande. Vifuko vimening'inia humo kama vishikizo. Mdogo wako alishtuka, nikajua hakuwa ameifungua tangu alipoificha.

"Uliivaa lini?" nikamwuliza.

"Sijaivaa. Ningeivaa wapi usiione?"

"Kwa hiyo hakuivaa yeye, wala wewe."

Akakaa chini, kwenye ngazi, mvua ikimrushia maji mgongoni. Nilidhani ataomba radhi. Akasema kitu kingine.

"Mtaa huu kila mtu ana sweta ya dada. Mwalimu anayo, mwuza mkaa anayo, wewe unazo hadi za kupakia rangi. Mimi hakunifumia hata soksi. Kila nikimwambia: 'Wewe ni wa nyumbani, utafuata.' Nikafuata mpaka akafa. Siku ile nikaishika, nikasema hii ndiyo zamu yangu."

Ni kweli. Nakumbuka ukisema hivyo, "utafuata," ukiwa na pini mdomoni. Kweli hiyo nimeisikia na imenichoma. Lakini haikuondoa lile lingine.

"Ungeniomba," nikasema.

"Ungenipa?"

"Nisingekupa. Nilikuwa nimeapa."

"Umeona?"

"Naona. Ndipo ukanishika bega ukaniambia ameenda nayo."

Akaigeukia shali. Baadaye akasema, "Niachie niishone, shemeji. Nitaiziba matundu yote."

"Mikono yako imeshaishika mara moja," nikamwambia. Hilo ndilo neno kali kuliko yote niliyowahi kumwambia. Akaenda.

Aprili 15

Mvua.

Aprili 16

Mvua. Nimeikung'uta shali uani, vifuko vikadondoka kwenye matope. Kimoja kiling'ang'ania kucha yangu. Nikaingia nacho ndani, nikakiweka ukutani pamoja na wale wa kijani.

Aprili 22

Nimerudi kumaliza kazi. Usinicheke. Ukuta ulioachwa nusu ni aibu ya fundi, si ya mwenye nyumba. Kipara alipaka ukumbi, mimi nikapaka chumba cha kulala. Nyuma ya kabati nikapiga mikono miwili. Shemeji alituwekea chakula mezani, akatoka. Hatukukila.

Kipara akasema, "Mzee, nitukane basi, hata kidogo."

"Sina tusi linalokutosha kipimo."

"Nipunguzie, nitalivaa hivyo hivyo."

Nilikaribia kucheka. Nikageukia ukuta.

Mei 1

Nimenunua sindano nene. Najaribu kuziba matundu ya shali kwa uzi wa gunia. Ungeiona mishono yangu ungeomba wakuzike tena.

Mei 3

Mwenye ncha za manjano amepanda hadi karibu na dari, amejibandika, hachungulii tena.

Mei 9

Mama Birika alipita bila birika. "Nimekuja kusalimia tu," akasema. Nikamkaribisha, akaketi, tukatazama maji yakipita barabarani. Sikutaja shali, naye hakusema una joto. Ilikuwa mara ya kwanza msimu huu tukakaa bila uongo katikati yetu, na hatukuwa na mazungumzo.

Mei 17

Leo mchana nondo ametoka.

Nilitegemea nini sijui. Labda nilitegemea awe wa manjano. Ni mdogo, mwembamba kama punje ya ubani, kijivu cha majivu, ana madoa machache meusi kwenye mbawa na manyoya mepesi ukingoni, kama ncha ya kitambaa kilichochakaa. Yule afisa alituambia akishafika hapo hali tena. Mdomo wa kulia hana. Sufu aliyokula aliila utotoni. Sasa ana siku zake chache za kukaa ukutani, kutafuta mwenzake na kutaga kwenye nyufa.

Alikaa pembeni mwa kifuko chake kitupu. Hata nilipompulizia pumzi yangu hakuruka mbali. Nilikuwa na ghadhabu naye, yeye na ndugu zake walikula nguo yako. Kisha nikaona yeye alikula kilichowekwa mbele yake gizani, na hakunishika bega.

Nimekibandua kifuko kwa kisu cha kukwangulia, polepole kisivunjike.

Mei 20

Bi Nyuzi,

Mvua imekatika tangu juzi na udongo umeshikana. Leo asubuhi nimekuja kwako, umeniona. Nilichukua mwiko wangu wa plasta, kwa sababu jembe lingekuumiza. Sikuchimba chini sana, kiasi cha mkono kuanzia kiwiko, kisha nikaifuata ardhi kwa urefu wako, kichwani hadi miguuni. Nikaikunjua shali, na matundu yake, na mishono yangu ya gunia, nikailaza juu yako. Katika pembe ya miguuni nikaweka kile kifuko, kwa sababu manjano iliyomo ni yako.

Nilipokuwa narudisha udongo nilisikia mtu nyuma yangu. Ni mdogo wako. Alisimama mbali, njiani, amekunja mikono. Sikumwita wala sikumfukuza. Nilipomaliza, akaja akachukua udongo uliosalia pembeni kwa viganja, akaujaza kwenye upande wa miguu, akasawazisha, akapiga kofi juu kama anavyofanya kwenye shuka. Sijamsamehe. Nakwambia hivyo kwa sababu wewe hukupenda kuambiwa uongo, na mimi sitaongeza mwingine juu ya ule wao.

Sijui kama joto huweza kushuka likapita udongo wote huo. Nimechelewa msimu mzima, na nimekuletea kilichobaki. Likikufikia, mke wangu, unikumbuke.